Majigambo ya Dada Juu ya Dungu

Mwaka ule mpunga wa mama ulikubali mpaka tukaona haya kuwaambia majirani. Kule Mbuchi, deltani kunakofikwa kwa mtumbwi, kwenye shamba alilorithi kwa mama yake, ulikuwa umesimama umeinamisha vichwa kwa uzito, na kwelea nao walikuwa wameshapata habari. Ndiyo maana nilikuwa shambani badala ya kuwa nyumbani Kibiti, alikobaki baba, kwenye meza yangu ya mitumba.

Nilikaa juu ya dungu. Dungu ni kibanda cha miti kilichonyanyuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba. Unapanda kwa ngazi, unapika humo humo, unalala humo humo, na tangu kunapokucha hadi jua linazama unapiga kelele ndege wasitue. Kazi hiyo twaiita kuamia. Wengine huamia kwa makopo, wengine kwa kombeo. Mie niliamia kwa sauti. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza na matokeo ya kunirudisha nyumbani, lakini ndoto ya kuwa mtangazaji wa redio haikuwa imesoma matokeo yale. Basi nikawatangazia kwelea.

"Hapa ni Mbuchi," nilikuwa nikisema, nimeziba sikio moja kwa kiganja kama nilivyodhani watangazaji hufanya. "Ndege wote waliopo upande wa kusini mnaombwa kuelekea shamba la jirani, ambako chakula kiko tayari."

Wengi walitii.

Dada yangu alitukuta hivyo, shule zilipofungwa. Alikuja na begi la nguo, begi zito zaidi la vitabu, na shida moja. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mwenye shahada mbili za Kiingereza, na sasa alitaka ya tatu, ile kubwa, ya uzamivu, tena ng'ambo. Si udaktari wa sindano, udaktari wa fasihi ya Kiingereza. Kijijini tulilieleza jambo hilo mara moja tu, kisha tukaacha, maana kila tulipolieleza mtu alimwonyesha dada goti linalouma.

Kuomba nafasi katika vyuo vile kulikuwa na mambo mengi, na yote dada alikuwa ameyamaliza. Vyeti vilikuwa tayari. Makala ndefu aliyowahi kuiandika ilikuwa tayari, imepigwa taipu. Barua za walimu wake zilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa kurasa mbili tu, za maelezo yake mwenyewe: wewe ni nani, unataka kutafiti nini, na kwa nini tukuchukue wewe tukawaacha wengine.

"Kurasa mbili tu?" nilimwuliza. "Mie hizo naziandika nikisubiri ugali uive."

"Ziandike basi," akasema, na hakuwa anacheka.

Kilichomtisha ni muda. Profesa aliyemfundisha Dar es Salaam alikuwa anaondoka mwisho wa mwezi kwenda kufundisha nje mwaka mzima. Alikuwa amekubali kuzibeba bahasha zote tatu, ya Kanada, ya Uingereza na ya Marekani, akazitie posta huko huko, zisipotee njiani. Akiondoka bila zile kurasa mbili, basi mpaka mwaka mwingine. Na mkuu wa shule ya dada alikuwa ameshamwambia kwamba mwaka mwingine asitegemee ruhusa.

"Nikikosa safari hii najijua," dada aliniambia. "Nitasema nitaomba tena, na sitaomba."

Nilimwangalia nikaona anasema kweli, nikafuta macho kwa upindo wa kanga. Mie ni mtu wa machozi ya karibu. Lakini zile zilikuwa enzi za ruksa, serikali imefungulia biashara, kila mtu ana mpango. Kibiti maduka yalikuwa yameanza kuuza sabuni za kila rangi, kijana aliyekuwa akiuza karanga juzi leo ana redio kaseti mbili za kukodisha harusini. Ungesema unakwenda mwezini, watu wangekuuliza tu kama utapitia Dar. Kwa nini dada yangu ashindwe na kurasa mbili?

Akakaa kwenye kona ya dungu, akaandika mchana kutwa, mie natangaza. Jioni akanisomea, anasoma Kiingereza kisha ananigeuzia kwa Kiswahili.

"Waheshimiwa, kwanza nawaomba radhi kwa kuwachukulia muda wenu. Mimi ni mwalimu wa kawaida, natoka mahali padogo ambapo bila shaka hamjapasikia. Elimu yangu mbele yenu si kitu. Lakini kama kwa hisani yenu mtaniona nafaa..."

Nililia. Ilikuwa tamu kama barua ya posa. Katika posa watu wa upande wa kijana hujishusha mpaka wakawa udongo: sisi si lolote, hatuna kitu, tumekuja kuomba kuni tu. Kisha upande wa binti huwanyanyua: la, nyie ni watu wakubwa, karibuni mkekani. Kila mtu anajua kazi yake.

"Wakikukataa na barua hii," nikamwambia, "basi watu hao hawakulelewa."

Mama, aliyekuwa chini anapepeta, akasema, "Imetulia. Ina adabu."

Dada akaondoka nayo kwenda Dar. Aliporudi alipanda ngazi ya dungu polepole, akaketi bila kuvua viatu, akanipa ile karatasi. Profesa alikuwa amepiga mstari mmoja mwekundu tangu juu hadi chini, na pembeni ameandika kwa Kiswahili: Unaomba msamaha kwa kosa gani?

"Kaniambia huko hakuna wa kuninyanyua," dada akasema. "Kaniambia ukijishusha, wanakuacha hapo hapo chini, tena wanakushukuru kwa kuwarahisishia kazi. Anataka nieleze ninachoweza. Nijisifu."

"Basi jisifu."

"Siwezi."

"Hebu jaribu. Sema, mimi ni..."

Akavuta pumzi. "Mimi ni mwalimu hodari." Akatupa jicho chini kwa mama. "Hodari kiasi."

"Dada!"

"Hodari, alhamdulillahi, kwa kiasi changu, ingawa wapo wanaonizidi."

Tulicheka mpaka kwelea wakatua. Lakini siku zikaanza kwenda, na kila asubuhi karatasi ilikuwa na sentensi moja, na kila jioni sentensi hiyo ilikuwa imekatwa. Haukuwa ukaidi. Kwetu sifa humjia mtu kwa nyuma. Ukiolewa, shangazi zako ndio wanaokuimba. Ukiposwa, mshenga ndiye anayesema. Mwenyewe unaangalia mkeka. Dada alikuwa ameangalia mkeka maisha yake yote, na shingo ilikuwa imezoea.

"Mtu anayejisifu mwenyewe," mama alisema tulipomweleza shida, "ni kwa kuwa hana watu. Wewe watu unao. Huyo profesa asije akakuharibu."

Dada akainamia karatasi yake tupu. Mwezi ulikuwa unakatika.

Siku hiyo ndipo alipokuja mtani wetu. Alikuwa mtoto wa mjomba, fundi wa kuchonga mitumbwi, amekuja kumsaidia shangazi yake, yaani mama yetu, kuvuna. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako, na mtani ni mtu mwenye ruhusa. Anaweza kukusema miguu yako, mapishi yako, hata mume wako akiwepo hapo hapo, na wewe hukasiriki. Unachotakiwa ni kumjibu. Ukinyamaza umeshindwa, na atakwenda kusimulia kijiji kizima kwamba umenyamaza.

"Hodi dunguni!" akaita kutoka chini. "Nasikia humu mna msomi anauguza karatasi."

"Karibu, fundi wa mitumbwi inayovuja," dada akajibu bila kunyanyua kichwa.

"Wangu unavuja? Umekuvusha wewe na hayo makalio na haukutoa hata tone." Akapanda ngazi mpaka katikati, akakaa kwenye kijiti kimoja kama mtu aliyeletewa kiti. "Ngoja nikuulize, mwenzangu. Hivi umeanza kusoma lini? Maana umeanza mie sina ndevu. Nikaota ndevu. Sasa zinataka kuwa nyeupe, weye bado unasoma. Kichwa hakishiki, nini?"

"Kichwa changu?"

"Chako hicho. Mie kuchonga nilifundishwa msimu mmoja, nikajua. Hicho Kiingereza hakina mwisho? Au walimu wanakurudisha darasa wanaona haya kukuambia?"

Dada akaweka kalamu chini. Akasimama. Dungu likayumba, nikashika nguzo.

"Sikiliza weye," akasema, mkono kiunoni. "Mie chuoni nilitoka wa kwanza. Si wa kwanza wa wanawake. Wa kwanza wa wote!"

"Mlikuwa wangapi? Wawili?"

"Tulikuwa darasa zima, tena na wavulana waliotoka shule za watu, wenye kamusi nene kama tofali! Niliwaacha huko! Na si kusoma tu. Mie nimepewa darasa limejaa watoto mpaka madirishani, na riwaya ya Kiingereza nakala moja. Moja! Mwingine angefanyaje?"

"Angekwenda kunywa chai."

"Mie nikaichana."

Mtani akashika ngazi. "Umechana kitabu cha serikali?"

"Nikakichana sura sura! Kila kundi likapata sura yake. Walisoma wao kwa wao, kisha wakasimama wakawasimulia wenzao, na wanaosikiliza nikawakataza kunyamaza. Lazima waulize. Lazima wabishe. Watoto wale walikijua kitabu kile kuliko mtu aliyekiandika!"

"Muongo."

"Kamuulize mkaguzi! Alikuja kunikaripia kwa kuharibu kitabu. Akakaa kwenye dawati la nyuma asikilize kidogo. Hakuondoka mpaka kengele ikagonga, sura ya mwisho bado. Akanifuata nje, ananiuliza kwa siri, hivi yule binti aliolewa na yupi?"

Mtani alicheka, akajizuia, maana kucheka ni kukubali. "Haya. Kama unajua yote hayo, unakwenda kutafuta nini kwa Wazungu?"

"Namtafuta mtu."

"Mume!"

"Msikilizaji, mjinga weye." Hapo dada akaketi, na sauti yake ikabadilika. Hakuwa anapiga kelele tena, lakini hakuwa anaangalia mkeka pia. Alikuwa anamwangalia mtani usoni. "Bibi alipokuwa akitusimulia, si alikuwa akisema, nasi tunaitikia? Tukinyamaza anauliza mmelala, na tukizidi kunyamaza anaacha. Ngano ina watu wawili, anayesema na anayeitikia. Sasa mie nimesoma riwaya za Waingereza, za zamani na za juzi. Mtu anasema peke yake kitabu kizima. Hakuna wa kumjibu. Lakini ukimsoma kwa makini utaona kuna mahali anageuka. Anasema, wewe msomaji. Anaomba radhi, anajitetea, anabishana na mtu ambaye humwoni. Ina maana anajua yupo. Nataka kujua yule aliyekuwa akiitikia alikwenda wapi. Watu wameandika mengi kuhusu anayesema. Huyu mwingine anahitaji mtu aliyezoea kuitikia, na mie nimezoea. Nimelelewa na bibi."

"Pengine kalala," mtani akasema.

"Ndiyo! Pengine kalala. Na mie ndiye nitakayemwamsha!"

Nikagundua kwamba sijatangaza lolote muda mrefu na kwamba mdomo wangu uko wazi.

"Dada," nikasema. "Hayo hayo. Andika hayo."

"Yapi?"

"Uliyoyasema sasa hivi. Umejisifu mpaka dungu limetaka kuanguka."

Akashtuka kama mtu aliyeambiwa nguo yake imegeuka nje ndani. "Ah, ule utani. Nilikuwa namjibu huyu."

"Basi mjibu huyu kwa maandishi."

"Siwezi. Wale ni maprofesa. Hatutaniani nao."

"Kwani umewauliza?" mtani akasema.

Dada akamwangalia yeye, akaniangalia mie, akaangalia karatasi. Nilimwona anawaza wale watu wa Kanada na wa Uingereza, ambao mpaka siku ile walikuwa watu wa kimya wamekaa nyuma ya meza ndefu, na nilimwona anawapanga mmoja mmoja kwenye vijiti vya ngazi ya dungu, miguu inaning'inia. Akachukua kalamu.

"Usishuke hapo," akamwambia mtani. "Endelea kunitukana."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nikuambie."

Basi mtani akamtukana. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kwa furaha kama ile. Alimwuliza ni nani aliyemwita. Alimwuliza kama Wazungu huko hawana walimu mpaka aje mtu wa kutoka matopeni kuwafundisha vitabu vyao wenyewe. Alimwuliza, tuseme umempata huyo msikilizaji wako, utamfanya nini, utampikia? Kila swali dada alilijibu kwanza kwa mdomo, kali kali, kisha kichwa kikashuka na kalamu ikakimbia kwa Kiingereza, na ninaamini alipokuwa akiandika alikuwa akiyaondoa matusi na kuacha moto. Maswali mengine ya mtani aliyaandika kama yalivyo, kisha akayajibu. Nilipomuuliza kama inaruhusiwa, alisema hajui, na hakuonekana kujali.

"Nyie!" Ilikuwa sauti ya mama kutoka ukingoni mwa shamba. "Redio imekufa?"

Niliinua macho. Upande wote wa kusini ulikuwa mweusi kwa kwelea. Nilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika ng'ambo ya mto, wakanyanyuka wote kwa pamoja kama nguo iliyopeperushwa, na mama akaja akipanda ngazi na fimbo mkononi, mtani akampisha haraka.

"Pishi nzima imeliwa! Mnafanya nini humu?"

"Tunamwombea nafasi chuoni, shangazi," mtani akasema kwa heshima zote.

Dada akamsomea mama, kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Mama alisikiliza amesimama. Ilipofika mahali pa mkaguzi aliyetaka kujua binti aliolewa na nani, mama aliuma mdomo. Ilipofika mahali pa bibi, aliweka fimbo chini, maana bibi alikuwa mama yake.

"Hayo yote umeyasema wewe mwenyewe, juu yako mwenyewe?"

"Nilikuwa namjibu mtani, mama."

Mama akafikiri. Jambo hilo alilipima kweli kweli, kama mtu anayepima kama samaki ameiva.

"Kama ni kwa mtani," akasema mwishowe, "hapo huna kosa. Mtani hanyamaziwi." Akaanza kushuka, akasimama ngazi ya pili, kichwa tu kinaonekana. "Na lile la msahafu umeandika? Kwamba ulihitimu kabla meno ya mbele hayajaota tena?"

"Mama, hawa wanataka mambo ya Kiingereza."

"Andika. Wajue kichwa hakikuanzia kwao."

Dada akaandika.

Kulipokucha tulikuwa safarini, mie nimeruhusiwa kumsindikiza, binti wa jirani akishika zamu yangu ya dungu. Kurasa mbili safi, na karatasi nyingine zote, tulizitia ndani ya sufuria ya mama ya wali, tukafunika, tukaifunga kwa kanga, maana mitumbwi hata isiyovuja hurusha maji. Mtani alipiga kasia. Lakini tulikuwa tumechelewa kuondoka kwa kuagana, na maji yakatupwea katikati ya mikoko. Mtumbwi ukakaa juu ya matope kama kuku anayeatamia. Kusubiri maji yajae kungetukosesha gari la Kibiti, na profesa alikuwa anaondoka keshokutwa.

Mtani akashuka, akazama mpaka mapajani. Nami nikashuka. Dada akataka kushuka.

"Kaa hapo na sufuria!" mtani akamkaripia. "Ukianguka na karatasi hizo nitaanza kukutukana upya, na sauti imekwisha."

Tukausukuma mtumbwi matopeni, dada ameketi mbele ameipakata sufuria kama bibi harusi aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Tulianguka, tukainuka, tukacheka. Wavuvi waliokuwa wamekwama kama sisi wakatuuliza kuna nini ndani ya sufuria, pilau?

"Mzigo wa chuo kikuu!" nikawatangazia, na sauti yangu ya redio ikapita juu ya mikoko yote. Wawili wakaja kutusaidia kusukuma.

Gari tulilikuta. Profesa tulimkuta nyumbani kwake, katikati ya masanduku yaliyofunguka, shati halijafungwa vifungo vyote. Alinitazama miguu, ambayo ilikuwa na tope la Mbuchi bado, akanikaribisha kiti kana kwamba ni jambo la kila siku. Akasoma amesimama. Nilimwangalia uso. Katikati ya ukurasa wa kwanza alicheka kwa sauti, akamwita mkewe aje asikie. Kisha akachukua kalamu, ile nyekundu.

Alikata neno moja tu.

"Ulikuwa umeandika 'labda'," akamwambia dada. "Kwa nini labda?"

Dada na profesa wakaenda kuzipiga taipu zile kurasa, nakala tatu, usiku ule ule, na bahasha zikaingia katika sanduku la profesa.

Ya kwanza kujibu ilikuwa Uingereza, na ilikataa. Ilikataa kwa adabu ndefu mpaka dada alipoisoma ilibidi aisome tena kuhakikisha. Mtani alipopata habari alikuja Kibiti kwa makusudi, dada yuko nyumbani likizo.

"Wamekukataa?"

"Wamenikataa."

"Wamekosea. Waambie warudie."

Nilitegemea kumwona dada ameinama. Hakuinama. Alisema, "Wenyewe watajua," akaendelea kumenya ndizi. Ya Marekani ikaja, nayo ikakataa, kwa sentensi mbili. Hapo mie nikalia kwa niaba yake nyuma ya marobota ya mitumba. Mvua za masika zikaanza.

Ya Kanada alikuja nayo mwenyewe kutoka shuleni kwake. Nilimwona anashuka kwenye basi pale stendi ya Kibiti kabla basi halijasimama sawasawa, mwalimu mzima mwenye shahada mbili, anakimbia barabarani na mkoba unampiga mgongoni, na kabla hajafika kwenye meza yangu nilikuwa nimeshaanza kupiga vigelegele, bila kuuliza.

Wamemchukua. Ada watalipa wao, na yeye atafundisha madarasa ya mwanzo apate ya kula. Chini ya maandishi ya mashine palikuwa na mistari ya mkono, ya mwalimu mmoja mwanamke wa huko. Dada alitusomea barazani, mama, baba, mie na mtani tumemzunguka. Yule mwalimu alisema kamati yao ilikuwa imechoka kusoma watu wanaojieleza, na walipofika kwake waliamka. Walibishana kidogo kuhusu yule mtu anayemkatiza katikati ya maelezo yake. Wangependa apewe salamu. Na wangependa kujua jibu la swali lake moja: darasani, ninyi mlikuwa wangapi?

Tulimgeukia mtani. Alikuna ndevu, akatazama barabara.

"Mwenye akili huyo," akasema hatimaye. "Ameolewa?"

Siku ya dada kuondoka, Kibiti yote ilikuwa stendi, au nilijionea hivyo. Basi la Dar lilikuwa linanguruma. Mama alikuwa ameshasoma dua na kufuta macho, sanduku limetolewa kwenye mkokoteni, na mtani akalinyakua, akaliweka kichwani na kurudi nyuma nalo.

"Hakuna safari," akatangaza. "Mtu nimetajwa mpaka ng'ambo, sijapewa changu."

"Nipe sanduku langu, mwizi weye!"

"Nisifu kwanza."

"Nini?"

"Umejisifu wewe mpaka wakakutumia barua. Sasa nisifu mie. Kwa Kiingereza. Watu wote wasikie."

Watu wakaanza kushangilia. Utingo akapiga ubavu wa basi, akasema twende, kisha naye akanyamaza asikie. Dada akapanda kwenye ngazi ya mlango wa basi, akageuka, akamsifu. Kwa Kiingereza kirefu, kilichonyooka, kwa sauti ya darasani, mkono mmoja umeshika chuma cha mlango. Wauza machungwa walisimama. Mtani alisimama wima na sanduku kichwani kama mtu anayesomewa cheo, hajui hata neno moja, anatikisa kichwa mahali pasipotakiwa.

Alipomaliza, watu walipiga makofi. Mtani akakabidhi sanduku kwa mikono miwili. Basi likaondoka, na dada alikuwa dirishani, analia na kucheka na kupunga mkono, mpaka vumbi likamchukua.

"Kasema nini?" mtani akaniuliza papo hapo. "Weye una kidato cha nne. Kasema nini?"

Kiingereza changu kilikuwa kimeshika nusu tu. Katika nusu hiyo, dada alikuwa amesema kwamba kuna watu wanaofungua kinywa cha mtu kama wanavyofungua mlango, na kwamba yeye, huko aendako, kila atakaloandika, ataliandika akimwona mtu huyu amekaa kwenye ngazi.

"Kasema una magoti kama ya ngamia," nikamwambia.

"Maneno yote yale?"

"Kayaeleza kwa kirefu."

Akaangua kicheko, akanipiga kofi la bega, tukarudi zetu kwenye meza ya mitumba, yeye ananisifia magoti yake njia nzima.